Fundo la Ngamia

Mimi ni mtu wa minara. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba Msomali wa Garissa amepanda ukuta wa mwamba kwa kamba, swali lao la kwanza ni alikuwa anamfuata mbuzi gani. Sikuwa namfuata mbuzi. Kwa miaka kumi na mmoja nimepanda minara ya simu kuanzia hapa mjini mpaka karibu na mpaka, mshipi wa kupandia kiunoni, nikikaza boliti na kubadilisha vile vyombo mnavyovitukana mtandao ukipotea. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili wawili: mmoja anapanda, mwingine anamshikia kamba. Mwenzangu ni Mkamba wa Mwingi, mwembamba, mbishi, na mshonaji hodari. Hilo la kushona mlikumbuke.

Mambo yalianza na aibu. Miaka miwili kabla ya safari hii, kwenye mnara mmoja wa Habaswein, nikiwa karibu na kilele, mikono yangu ilikataa kazi. Hakuna kilichokatika wala aliyeanguka, na upepo ulikuwa wa kawaida. Nilishika chuma nikashindwa kukiachilia, nikakaa hivyo muda wa saa mbili, mpaka mwenzangu akapanda akanishusha taratibu kama mtu anayeshusha kabati kutoka kwenye lori. Chini watu wa soko la mifugo walikuwa wamekusanyika, na wapo ambao mpaka leo wakiniona huniuliza kama hali ya hewa ya juu ni njema.

Ofisi ikanitupa stoo hapa Garissa. Nikawa natoka nyumbani, mtaa wa Galbet, kila asubuhi kwa miguu, nafungua kufuli, nakaa nyuma ya kaunta nikigawa helmeti na kamba kwa wanaume wanaokwenda kupanda. Sharti la kunirudisha juu lilikuwa moja: apatikane mpandaji atakayeweka sahihi kwamba yuko tayari kufungwa kamba moja na mimi. Hakuna aliyetaka. Siwalaumu, ingawa wakati ule niliwalaumu mmoja mmoja, kwa jina lake na la baba yake.

Mwenzangu hakukataa wala hakukubali. Ndivyo alivyo, ukimuuliza saa anakuuliza unakwenda wapi. Yeye alikuwa amejifunza kupanda miamba kwao Ukambani tangu ujana, na kuna ukuta mmoja aliokuwa ameutamani kwa miaka. Tulikuwa tukiuona pamoja kutoka kwenye mnara mmoja mbele ya Kutulo, siku za baada ya mvua, vumbi likishatulia: jabali la rangi ya ini, limesimama peke yake upande wa machweo. Wachungaji wa huko huliita Buur tu, yaani mlima, maana hakuna mwingine wa kuuchanganya nao.

Siku moja aliingia stoo, akaegemea kaunta, akasema, "Panda na mimi ule ukuta. Siku nne. Tukirudi nikiwa bado nataka kufungwa kamba na wewe, nitaweka sahihi. Nisipotaka, usiniulize sababu."

Mke wangu aliuliza kule juu kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema, kama ni hakuna kitu, hata hapa Galbet kipo, ningekaa nacho nyumbani. Lakini ndiye aliyenifungashia tende na nyama ya kukaanga, akaifunika kwa samli ili isiharibike, na hakuniambia niwe mwangalifu. Alijua nilikuwa nimeshachoka kuambiwa hivyo.

Barabara sitaisimulia. Ni ndefu, ina vizuizi vya kukaguliwa vitambulisho, na mimi na uso wangu hukaguliwa mara mbili mahali ambapo Mkamba hukaguliwa mara moja. Mwezi ulikuwa Januari, asubuhi zikiwa bado na ubaridi kidogo. Gari lilituacha mahali ambapo njia ya magari inaishia, penye boma la mama mmoja mfugaji ambaye mwenzangu alikuwa ameshapatana naye kwa simu kuhusu ngamia wa kubebea mizigo mpaka chini ya ukuta. Nilimwita eedo, kama tunavyomwita shangazi wa upande wa baba, ingawa hatukuwa na undugu wa karibu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi uliochongoka.

Kwetu mgeni hupewa maziwa kwanza. Kisha anaulizwa "War?", yaani habari, na hapo hatakiwi kujibu njema akanyamaza. Atataja mvua aliyoiona njiani, kisima kilichokauka, mtu aliyefariki, mnyama aliyepotea, kila kitu kwa mpangilio wake, kwa sababu mtu akihama na mifugo kwa kutegemea habari yako ya uongo, mifugo hiyo itakufa. Na maziwa ukishayanywa huna ruhusa ya kuipunguza habari. Marehemu baba yangu aliniambia kwamba mtu akileta habari ya uongo mara moja, hata akisema jua limechomoza watu watatoka nje kuhakikisha. Nilimpa eedo habari zote tangu Garissa. Mwenzangu alikaa pembeni na bakuli lake, akashangaa jinsi swali la neno moja linavyoweza kujibiwa kwa nusu saa. Akaanza kulijaribu lile neno kwa mdomo wake wa Mwingi. War. War. Eedo akacheka.

Kesho yake alfajiri tulimpakia ngamia. Jerikani nne za maji za lita tano, kamba mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, kabari za chuma za kubana ndani ya nyufa, chakula, na gunia la turubai la kuvutia vitu vyote hivyo ukutani. Eedo alinipa kamba nifunge mwenyewe, nadhani kunipima. Nikafunga fundo la ngamia alilonifundisha baba nikiwa mdogo. Ni fundo la kitanzi ndani ya kitanzi, linabaki na mkia unaoning'inia. Mzigo ukilivuta linakaza, hata mwendo wa siku kumi halilegei. Lakini ngamia akianguka na mzigo mgongoni huna muda wa kufungua mafundo. Unavuta mkia mara moja, mzigo unaporomoka, mnyama anainuka. Fundo hilo limeokoa ngamia wengi. Eedo alilivuta, akatikisa kichwa, akasema angalau baba yangu hakupoteza muda wake.

Chini ya ukuta niliinua macho nikajuta. Ukubwa wake, ukitaka kuujua, chukua mnara wa Habaswein, uweke mwingine juu yake, kisha mwingine, mpaka ifike sita. Na mnara una ngazi. Huu ulikuwa na ufa mmoja mrefu uliopanda kuelekea kushoto, wenye upana wa ngumi, mahali pengine wa kidole, na juu ya katikati ukatoweka kabisa kwenye mwamba laini.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mwenzangu anatangulia na kamba nyekundu, akiingiza kabari kwenye ufa na kupitisha kamba humo, mimi chini namshikia. Akifika mahali pa kusimama anatengeneza kituo: kabari tatu, zimeunganishwa kwa mikanda myembamba aliyoishona mwenyewe. Mikanda ile alikuwa ameishona kwa mashine ya fundi wa viatu aliyoiazima, mshono juu ya mshono, na hata kitanzi cha gunia la mizigo alikishona yeye kwa uzi uleule. Alijivunia mishono yake kuliko kupanda kwenyewe. Akishafika kituoni, analivuta gunia kwa kamba ya buluu kupitia kapi, kisha mimi nafuata. Kabla hajavuta anauliza kwa sauti, "Fundo?" nami najibu, "Nane." Fundo la nane ndilo fundo letu kazini, halifunguki hata ukilipigia magoti. Ukijibu "Nane" umekula kiapo kwamba umeliangalia.

Siku ya kwanza niliogopa tangu asubuhi mpaka jioni. Sitaki kupamba. Nilipanda nikiwa nimebana meno, na nikatukana kwa lugha tatu. Lakini mikono haikukataa. Ikashika, ikaachilia, ikashika tena. Jioni tulifika kwenye ukingo wenye upana wa mkeka, tukalala hapo tumefungwa kwenye mwamba. Nikatayamamu kwa vumbi la jiwe, nikaswali nimekaa. Nilimshukuru Mungu kama mtu aliyerudishiwa mali yake iliyoibwa.

Asubuhi ya pili hofu haikuwepo. Wallahi, niliamka nikaitafuta nisiione. Jua lilitupiga usoni, chini mifugo ya eedo ilikuwa vitone, na mimi nilikuwa naimba. Nilifunga na kufungua, nilipanda, nilitania. Mwenzangu aliniambia kwamba ofisini wameweka mtu sahihi mahali pasipo sahihi, na mimi nikajua sahihi yangu imeshapatikana. Tulikuwa tumepita minara mitatu na kitu.

Karibu na adhuhuri alikuwa kituoni juu yangu, mbali kiasi kwamba nilimsikia bila kumwona. Nikaunganisha kamba ya buluu na kitanzi cha gunia. Nilifanya hivyo huku nikiimba, macho yangu yakiwa kule mbali kwenye tambarare. Akauliza, "Fundo?" Nikajibu, "Nane." Gunia likaanza kupanda.

Lilikuwa limefika kama mita ishirini juu yangu nilipoinua uso. Chini ya kamba, pembeni ya kitanzi, niliona mkia unaning'inia, wa urefu wa shubiri, ukichezwa na upepo. Mikono yangu, baada ya kuacha kuogopa, ilikuwa imerudi utotoni. Nilikuwa nimefunga fundo la ngamia.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri. Nilikuwa na pumzi ya kusema "shikilia". Ni neno moja, naye angeshikilia, angelishusha gunia, nami ningelifunga upya. Sikulisema. Kulisema kulikuwa kukiri kwamba "Nane" yangu ilikuwa uongo, na sahihi ingeondoka na stoo ingerudi. Nikajiambia, limebeba ngamia siku kumi, litabeba hili dakika tano. Gunia likafika kwenye uvimbe wa mwamba, likakwama. Mwenzangu akalegeza kidogo, akavuta. Ule mkia ulikuwa umeingia kwenye ufa, ukabanwa humo. Fundo likafanya kile kinachofanywa na fundo la ngamia.

Gunia lilipita kando ya bega langu. Sikusikia kelele mpaka muda mrefu baadaye, na kelele yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu aliyedondosha mto. Maji yote, na chakula chote isipokuwa tende zilizokuwa mfukoni mwangu, vilikuwa chini.

Nilipomfikia alikuwa ameikunja ile kamba ya buluu na anaiangalia ncha yake. Ilikuwa safi, haikukatika. Nilimtazama akifikiri, nami nikajua hasa mawazo yake yanaelekea wapi, kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kudhani kwamba "Nane" inaweza kuwa kitu kingine. Kama kamba nzima na fundo ni nane, basi kilichoachia ni kitanzi cha gunia. Ni mshono wake.

Akasema ile methali ya maji kumwagika na kutozoleka. Alikuwa ananifariji mimi! Nilitaka kumpiga, kisha nikataka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikasema tu ni qadar ya Mungu. Nikamsingizia Mungu fundo langu, astaghfirullahi.

Tulikuwa na chupa mbili ndogo, yangu imejaa, yake nusu. Kushuka kungekuwa rahisi: unaunganisha kamba mbili, unazipitisha kwenye mkanda unaouacha kituoni, unateremka mpaka kituo cha chini, unazivuta, unarudia. Lakini kila kituo kilihitaji kuning'inia kwenye mikanda aliyoishona yeye, naye sasa hakuiamini. Alianza kuivuta mmoja mmoja, akiuangalia uzi juani, akinusa, akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Akasema hatushuki kwa mikanda ile. Heri tupande, siku moja na nusu, tukitegemea kabari peke yake, tutoke juu na kuteremka upande wa nyuma kwa miguu. Kwa maji yale. Kupitia ule mwamba laini usio na ufa.

Nikakubali. Nasema tena, nikakubali. Nikaswali adhuhuri nimekaa kwenye kituo kile, na nilipofika kwenye sijda, ambayo ukiwa umefungwa ni kuinamisha kichwa tu, sikuweza kukumbuka neno linalofuata, mimi niliyeswali tangu nikiwa na miaka saba. Nilimaliza hivyohivyo. Jua likapita nyuma ya mlima, kivuli kikatufunika, naye akajaribu mara mbili kutangulia kwenye mwamba laini, na mara mbili akarudi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mara ya tatu hakujaribu. Akakaa karibu nami, akaweka mikanda yake yote mapajani.

"Sikia, warya," akasema. Ndivyo anavyoniita, yaani ewe bwana kwa Kisomali, kwa utani, tangu tujuane. "Nikifika chini nitakwenda ofisini niwaambie wasinipandishe tena. Nikae stoo mimi. Mtu anayeshona kitu kikaachia, hafai kumshikia mwenzake kamba."

Nimepigwa mara nyingi maishani, na sijawahi kupigwa vile. Alikuwa amechukua hukumu yangu, akaivaa, na ikamtosha vizuri kwa sababu hakuwa na hatia ya kumfanya ajitetee.

"Mshono wako haukuachia," nikasema. "Lile fundo halikuwa nane. Nilifunga la ngamia, lile la kumpakia mnyama. Na niliuona mkia wake gunia likiwa bado linapanda."

Akauliza, "Uliona?"

"Niliona."

"Ulikuwa na muda wa kuniita?"

"Nilikuwa nao."

Nilingoja tusi. Kwa Kikamba, kwa Kiswahili, lolote. Alifungua chupa, akanywa funda moja, zamu yake, akaufuta mdomo wa chupa kwa mkono wa shati, akanipa ninywe zamu yangu. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Kisha akaikusanya mikanda kutoka mapajani, akaining'iniza kiunoni kwa mpangilio, akasema basi tunashuka. Akachukua ncha ya kamba nyekundu na ya buluu, akanipa zote mbili. "Funga wewe," akasema.

Fundo lile la kuunganisha kamba ndilo la kutushikilia sote wawili mpaka chini. Nililifunga polepole. Nikalifungua, nikalifunga tena. Vidole vilikuwa vikitoka jasho, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa Habaswein, lakini vidole viliendelea na kazi. Akauliza, "Fundo?" Nikalitazama, nikaligusa, nikapitisha kidole kwenye kila mkunjo, nikavuta ncha nne moja moja. Ndipo nikajibu. Yeye hakulikagua. Akajifunga kwenye kamba, akaegemea nyuma juu ya hewa tupu, akining'inia kwenye mshono wake na fundo langu, akatangulia kushuka.

Tulifika kwenye ule ukingo wa kulala kabla giza halijaingia, tukalala na kiu, tende zikigeuka gundi mdomoni. Hatukuzungumza isipokuwa "Fundo?" na jibu lake. Asubuhi tukamalizia vituo vilivyobaki, na miguu yangu ilipogusa mchanga nilikaa hapohapo kama mzigo.

Yeye hakukaa. Gunia lilikuwa kama hatua hamsini, limepasuka ubavuni, jerikani tatu zimefumuka, ya nne imebonyea lakini bado ina maji. Mtu mwenye kiu ya siku nzima angeikimbilia jerikani. Yeye alipiga magoti, akaligeuza gunia, akakitafuta kitanzi. Kilikuwa kizima. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, halafu akatoa kisu, akakikata kitanzi chote, akakitia mfukoni. Ndipo akanywa. Nilielewa kwamba hata kama nisingesema, angejua hapo, dakika ile, na mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa minara mitatu na kitu.

Bomani eedo alitupa maziwa, akangoja tumalize, akauliza, "War?" Nilisimulia yote kwa Kisomali, sikupunguza: fundo, mkia, pumzi niliyoibana, yale masaa niliyomwacha mwenzangu ajilaumu. Wanawe walikuwepo, wakwe zake walikuwepo. Mwenzangu Kisomali hakijui, ila neno maji alilijua, na jina la ngamia alilijua, akawa anafuatilia kwa uso. Nilipomaliza, eedo alilipokea bakuli langu tupu.

"Na huyo ngamia wako," akauliza, "ameinuka?"

Boma zima likaangua kicheko. Mwenzangu akataka kutafsiriwa. Nikamtafsiria, maana ningefanyaje, naye akacheka pia, kicheko cha kwanza tangu ukutani, mpaka midomo yake iliyopasuka ikatoka damu. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Tuliporudi Garissa niliweka ile karatasi ya sahihi kwenye kaunta, akaisoma, akanirudishia. Nilikuwa nimeahidi kutouliza sababu, lakini aliitoa mwenyewe. Akasema fundo alilisamehe palepale, kwa sababu mkono ni mkono. Bali tangu adhuhuri mpaka alasiri, muda ule, bado anauhesabu. Niliipokea karatasi, nikaiweka kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Nilikasirika wiki nzima. Mke wangu akaniuliza nimekasirikia nini hasa.

Nikarudi kwenye kugawa helmeti. Yeye kila akitoka safari alipita stoo kurudisha vifaa, na kila akiingia aliuliza, "War?" kwa ule mdomo wake wa Mwingi. Mwanzoni nilidhani ni utani. Nilimjibu kwa mkato. Akawa anasimama tu, anangoja, mpaka nimpe habari kwa mpangilio wake: nani alichukua nini, nini kimerudi kibovu, nani kaumwa. Miezi ikapita hivyo, mvua za masika zikaja na kwenda.

Siku moja aliingia adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope, akauliza, "War?"

Nikamwambia kwamba asubuhi ile nilimpa mpandaji mmoja pete ya chuma, ile ya kuunganishia mshipi na kamba, ambayo mlango wake haufungi vizuri. Nilikuwa nimeiona jana yake, nikakusudia kuitenga, nikasahau, nikampa. Nilipokumbuka alikuwa ameshaondoka. Nikafunga stoo saa za kazi, nikakimbia mpaka stendi ya magari ya Wajir, jasho likinitiririka, nikamtoa garini mbele ya abiria, nikamnyang'anya pete na kumpa nyingine. Mpandaji mwenyewe hakujua kasoro yenyewe, na ofisini hawakujua kwamba stoo ilifungwa.

Akauliza nimeshamwambia nani mwingine.

"Hakuna," nikasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuingia."

Aliweka mfuko wake chini. Akatoa mfukoni kile kitanzi cha gunia, kilichokwisha kuwa cheusi kwa kushikwashikwa, akakiweka juu ya kaunta mbele yangu. Kisha akaanza kujipapasa shati.

"Kalamu yangu sijui nimeiacha wapi," akasema. "Nipe yako. Na hiyo karatasi."